Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone?



Kila inapokaribia likizo ya kiangazi, maharusini na misibani hapa Uingereza huanza mazungumzo yale yale: nani mwaka huu anakwenda nyumbani, na akishamaliza kuzungukia jamaa atapumzikia wapi. Siku hizi wengi hutaja Pemba, na sifa wanayoitoa ni moja: "Nendeni upesi, bado haijulikani." Tungependa leo kuipima sifa hiyo, kwani ndani yake mna suala la haki ambalo sisi wa ughaibuni hulipita mbio.

Kwanza, haijulikani na nani? Mabaharia wa Kiarabu walikiita al-Jazira al-Khadhraa, yaani Kisiwa cha Kijani, na magofu ya msikiti wa Ras Mkumbuu yanaonesha kwamba hapo paliishi watu wa biashara zamani sana. Kimbunga cha mwaka 1872 kilipong'oa mikarafuu mingi ya Unguja, ya Pemba ilinusurika kwa sehemu kubwa, na tangu hapo Pemba ndiyo inayotoa karafuu nyingi za Zanzibar. Karafuu hizo zimetiwa katika pilau za Bara Hindi na Ghuba, zimetulizia meno ya Ulaya, na zimevutwa ndani ya sigara za Indonesia kabla nchi hiyo haijapanda za kuitosheleza. Basi dunia imeijua Pemba kwa pua na kwa ulimi. Wasiojulikana ni watu wake, ambao katika sensa ya 2022 walipindukia laki tano.

Na kutojulikana kuna gharama. Januari 2001, waandamanaji walipouawa kisiwani na watu zaidi ya 2,000 wakavuka bahari kukimbilia Shimoni, Kenya, wapo walimwengu waliolisikia jina la Pemba kwa mara ya kwanza. Kisiwa kisichojulikana humfaa anayetafuta utulivu. Anayetafuta wa kumsikia hakimfai.

Pili, huo ukijani wenyewe. Mgeni huteremka Mkoani, akapanda gari kuelekea Chake Chake, akatazama vilima vimefunikwa mikarafuu, akasema: "Maumbile haya!" Msitu wa Ngezi, ndiyo, ni maumbile. Lakini mkarafuu ni mti wa kupandwa, na mashamba ya mwanzo yalilimwa kwa jasho la watumwa, mpaka hali ya utumwa ilipoondolewa kisheria mwaka 1897. Na hata leo karafuu haijitupi jambiani. Lazima ichumwe kabla ua halijafunguka, kwa hiyo mchumaji hupanda juu kwenye matawi membamba, na kuna wanaoanguka wakavunjika. Jioni nyumba nzima hukaa kuchambua, karafuu huku na makonyo kule. Kisha huanikwa juani kwa siku kadhaa, na wingu likitanda watu hukimbilia majamvi kama waliosikia moto. Mchumaji hulipwa kwa pishi. Mwenye shamba naye hauzi anakotaka, kwani mnunuzi ni mmoja tu, shirika la biashara la serikali.

Sisi wahandisi tulifundishwa kwamba hakuna mzigo unaoning'inia hewani. Ukiona dari imesimama, tafuta nguzo ilipo. Uzuri nao ni hivyo hivyo: anayeufurahia aulize umebebwa na nani. Mpaka mwaka 2010 umeme wa Pemba ulitegemea majenereta ya dizeli ya Wesha. Mwaka huo ukafika waya wa kilovolti 33 uliolazwa chini ya bahari kutoka upande wa Tanga, kwa msaada wa Norway. Wako kati yetu waliosikitika kwamba sasa usiku wa Pemba utapoteza giza lake na nyota zake. Ni sikitiko la mtu mwenye tiketi ya kurudi. Mkunga anayezalisha kwa mwanga wa kandili hahesabu nyota, na mtoto wa skuli anayedurusu kwa koroboi hali kadhalika. Jee, tuna haki gani ya kuwatakia wenzetu upungufu ambao sisi wenyewe tuliukimbia?

Hata hivyo, tusigeuke tukadhani kwamba kujulikana ni dawa. Tazameni pwani ya mashariki ya Unguja. Vijiji vilivyokuwa na ufukwe wa kuanikia nyavu na mwani leo vimepakana na kuta za mahoteli, na kijana wa kijiji akipita mbele yake huulizwa anakwenda wapi. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huko wageni wamekuja, lakini kupona kwa mwenyeji kuna mjadala.

Mfano bora uko Pemba penyewe, nao ni wa popo. Popo wakubwa wa Pemba, wasiopatikana kwengineko duniani, waliwindwa na miti yao ikakatwa, hata kufikia mwanzo wa miaka ya 1990 wakawa karibu kutoweka. Wanavijiji, kwa kusaidiwa na wahifadhi kutoka nje, wakaunda vikundi vya kuwalinda, na popo wakaongezeka tena. Pale Kidike mgeni huenda kuwatazama, akalipa kiingilio, na fedha zikawafaa wanakijiji. Hapo mgeni amekuja na mwenyeji akapata nafuu, kwa sababu mwenyeji alikuwa na sauti tangu mwanzo.

Kwa maoni yetu, basi, suali si wageni wawe wengi au wachache. Suali ni nani anayeamua, na hasara ikitokea inamwangukia nani. Anayepanda mkarafuu ana haki ya kusema kisiwa kifunguliwe kwa kiasi gani, kabla ya mwenye hoteli na kabla yetu sisi. Na tusijitoe. Wapo miongoni mwetu ambao wakishuka tu bandarini huulizia bei ya kiwanja cha pwani kabla hawajauliza mavuno yalikuwaje, wala nani aliyeanguka mtini msimu uliopita.

Tukienda mwaka huu, tuanze na masuali hayo mawili. Mwenye rai nyengine, na khasa aliyezaliwa huko, ukurasa huu ni wake toleo lijalo.