Ahadi ni Deni, Lakini Nani Hulipa?



Miaka yote tuliyofundisha katika chuo cha ualimu tuliwaambia walimu wanafunzi neno hili: siku ya kwanza usiingie darasani na amri zako mfukoni. Kaa na watoto, mpatane sheria za darasa, kila mmoja aziridhie. Mtoto huishika kwa moyo sheria aliyoitunga mwenyewe. Hata leo twaamini hivyo. Lakini lipo jambo ambalo watoto ndio waliotufundisha sisi.

Kabla hatujaenda chuoni, tulikuwa na darasa la sita katika shule moja ya pwani yetu ya Lindi. Asubuhi moja tulipatana ya kuwa atakayechelewa atateka maji ya shule juma zima. Mikono yote ikanyoshwa, tukaandika ubaoni, tukafurahi. Baada ya majuma machache tukaona wanaoteka maji ni watoto wale wale wanne, wanaovuka kwa mtumbwi kutoka ng'ambo. Kusi ikivuma kwa nguvu, hawavuki mpaka itulie. Tulipouliza, mmoja akajibu kwa upole, "Mwalimu, siku ile mlipopatana, sisi tulikuwa bado tumo majini."

Tukataka kuifuta sheria ile. Darasa likanung'unika, na kiranja akasimama: "Mwalimu, si ulitufundisha kwamba ahadi ni deni?" Siku ile tulikosa la kumjibu.

Jibu tulilipata tulipokuwa tukitayarisha somo la historia ya Kilwa. Mwaka 1776 Sultani Hassan bin Ibrahim wa Kilwa aliandikiana mkataba na Mfaransa aitwaye Morice. Sultani aliahidi kumpa watumwa 1,000 kila mwaka, kila mmoja kwa riale 20, na Morice angemtolea Sultani zawadi ya riale 2 kwa kila mtu. Mkataba ungedumu miaka 100.

Utazameni vema. Una pande mbili, bei, muda na sahihi. Waliopatana waliridhika. Ukiupima kwa kipimo tulichokuwa tukiwapa walimu wetu, haukosi kitu. Lakini wale watu 1,000 wa kila mwaka, ni nani aliyewauliza? Wao ndio waliolipa, nao hawakuahidi lolote.

Mkataba wenyewe haukudumu, maana katika miaka ya 1780 Waomani waliishika Kilwa. Biashara ndiyo iliyoendelea. Mwaka 1873 Sultani Barghash alipatana na Waingereza kukomesha usafirishaji wa watumwa baharini, na soko la Unguja likafungwa. Mahali pale ndipo lilipojengwa Kanisa Kuu la Kristo. Wafanyabiashara wakageuka, wakawapeleka watu kwa miguu kutoka Kilwa kwenda kaskazini. Mwaka 1876 Sultani akapiga marufuku njia hiyo nayo. Ndio mwaka ule ambao miaka 100 ya Morice ingetimia.

Je, basi, kila ahadi inayotuuma tuivunje? Hasha. Yoshua alidanganywa na Wagibeoni, hata hivyo akakitunza kiapo chake, kwa kuwa hasara ilikuwa yake na watu wake. Herode naye alitunza kiapo, lakini kwa kichwa cha Yohana. Hapo ndipo penye tofauti. Ahadi ambayo gharama yake ni yetu, yatupasa kuitimiza hata ikituumiza. Ahadi inayolipwa na mtu asiyeulizwa, haikuwa yetu kuitoa.

Tulirudi darasani tukawaeleza watoto habari ya Kilwa. Kisha tukapatana upya, wa ng'ambo wakisema kwanza. Maji yakawa ya zamu kwa wote. Si wote waliofurahi, maana sasa kila mmoja alibeba ndoo. Lakini sheria ile ilidumu mpaka mwisho wa mwaka.

Ndugu wapendwa, nasi tunapatana mengi: wazee wakipanga mahari ya binti, ndugu wakigawana shamba la marehemu, halmashauri ikiamua michango ya kanisa. Kabla ya kunyosha mikono, na tutazame nani hayupo. Huenda yule atakayelipa bado yumo majini.