Karatasi na Ukuta

Huku Ngulyati, ukimwambia fundi muandikishane, anakutazama kama umemwita mwizi. Mimi naona ukiandika idadi ya mifuko ya saruji, nondo na siku ya malipo, unamlinda na yeye. Sheria ya Mikataba, Sura 345, inatambua hata makubaliano ya mdomo. Kazi ipo kwenye kuyathibitisha (na mashahidi nao huhama).

Ila karatasi isiwe kichaka cha kujifichia. Machi 29, 2013, ghorofa lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu 36. Kwa waliofukiwa, nani alisaini nini halikuwa tena swali. Fundi anayeona zege ni bovu akanyamaza kisa mkataba haumtaji, kortini anaweza kupona. Nyumba yangu simpi ajenge.