Katika Sinema ya Vita, Nani Anapika?

Vijana wa hapa Kasongo wakiniuliza watazame sinema gani ya vita baada ya ile waliyoimaliza jana, nami huwauliza: katika hiyo ya jana, nani alikuwa anapika? Hukaa kimya. Wanakumbuka aina ya bunduki, wanakumbuka daraja lililolipuliwa na yule jamaa aliyepita katikati ya risasi akatoka mzima. Chakula kilitoka wapi, watoto walilala wapi, nani alibaki na mgonjwa aliyeshindwa kukimbia: hayo hawakuonyeshwa, wala hawakugundua kwamba hayamo.

Kumbi zetu za video mnazijua. Ukuta wa matofali ya udongo, turubai dirishani, mabenchi ya mianzi, jenereta ikinguruma nyuma ya nyumba, na sauti ya Mtanzania anayefafanua kwa Kiswahili kila neno la Mmarekani au Mchina. Asiye na kiingilio hupeleka simu yake kwa mwenye kuchaji kwa sola, akajaziwa sinema kwenye kadi. Siwalaumu hata kidogo. Aliyeshinda shambani kwenye mpunga, au aliyesukuma baiskeli yenye vidumu vya mafuta ya mawese toka Wamaza, ana haki ya kustarehe jioni. Kinachoniuma ni kwamba vita tunavyovitazama haviko kama vile tulivyoviishi.

Na tumeviishi vingi. Wazee bado wanahesabu miaka kwa kusema "wakati wa Mulele", yaani 1964, waasi Wasimba walipoiteka Kindu mwezi wa Julai na mamluki wakairudisha Novemba, na kati ya miezi hiyo na baada yake raia wa vijiji vyetu wakawa wanakimbia huku na huku. Vikaja vya 1996. Vikaja vya Agosti 1998, waasi wa RCD wakaitwaa Kindu mwezi wa Oktoba, halafu wanajeshi wao wakakaa mijini na wapiganaji wa Mai-Mai wakakaa porini. Mwananchi akabaki katikati. Ukienda shambani, wa mjini wanakuona mpelelezi wa porini. Ukibaki mjini, njaa. Ndugu zetu wa Kabambare hawakupata hata nafasi ya kusahau, maana dhahabu ya Salamabila imewaletea risasi tena katika miaka hii ya karibuni, na familia zikajitwika magodoro vichwani upya.

Mama mkubwa wangu alikuwa mmoja wa waliokaa msituni wakati wa RCD. Kwa miaka mingi hakuwa na la kusema juu ya maisha hayo, zaidi ya kwamba Mungu alisaidia. Jioni moja nilikuwa naye nikitazama kwenye kompyuta katuni ya Wajapani ya mwaka 1988, Grave of the Fireflies ya Isao Takahata. Inamhusu kijana Seita na mdogo wake Setsuko, ambao mama yao ameuawa na mabomu ya moto huko Kobe mwaka 1945. Kuna mahali pipi zimekwisha ndani ya kopo lao. Seita anatia maji kwenye lile kopo, analitikisa, anampa mdogo wake anywe utamu uliobaki ndani yake.

Mama mkubwa akaniomba nisimamishe. Akaanza kueleza habari za chumvi. Walikimbia na chumvi kidogo aliyoifunga kwenye pindo la kitenge. Ilipokwisha, hakukifua kile kitenge. Siku ambazo watoto walikataa kabisa kula mihogo mikavu, alilowesha lile pindo kwenye maji, akawagawia yale maji kwa kijiko, mmoja mmoja, kuanzia mdogo. Baadaye wakajifunza tena kazi ya mababu: kuchoma majani ya mtoni, kuyatia majivu kwenye kikapu, kumimina maji juu yake, kuyachemsha yale yanayodondoka mpaka ibaki chumvi ya kijivu yenye uchungu. Alieleza mpaka betri ya kompyuta ikakata. Sinema hatukuimaliza usiku ule. Mimi binamu yao, niliyekulia nyumba moja na wale watoto, ndiyo mara ya kwanza nilisikia.

Tangu hapo ninazipima sinema za vita kwa kipimo hicho. Iliyo nzuri humfungua kinywa aliyeketi kando yako.

Kwa hiyo kwa anayeuliza atazame nini, ninazo kadhaa. Ya kwanza ni ya Mkongomani mwenzetu Dieudo Hamadi wa Kisangani, En route pour le milliard, ya mwaka 2020. Si ya kubuni. Inawafuata watu waliopoteza miguu na mikono katika vile vita vya siku sita, Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana katikati ya Kisangani kana kwamba mji hauna wenyewe. Miaka karibu ishirini wamengoja fidia. Wanaamua kushuka mto hadi Kinshasa, kilomita zipatazo 1,700, juu ya boti iliyojaa watu na mizigo, wakiwa na magongo yao na miguu ya bandia, mvua ikiwapiga chini ya maturubai. Ukiitazama utamwona kila mmoja wao ni mzazi wa mtu, dada wa mtu, anagombania nafasi ya kulala na sahani ya chakula kama abiria mwingine yeyote wa mto huo. Hakuna risasi hata moja inayopigwa, na mimi sijaona sinema ya vita iliyo kali kuliko hiyo. Huyu huyu Hamadi alitoa Maman Colonelle mwaka 2017, juu ya Kanali Honorine Munyole wa polisi, aliyehamishwa kutoka Bukavu kwenda Kisangani kuwalinda wanawake waliobakwa na watoto wanaoitwa wachawi. Hiyo itazameni pamoja, wazazi na watoto wakubwa. Sisi pia tunao watoto waliofukuzwa nyumbani kwa neno hilo.

Rebelle ya Kim Nguyen, ya 2012, ilichukuliwa Kinshasa. Mtoto Komona anatekwa na waasi, analazimishwa kuwaua wazazi wake kwa mkono wake, na hadithi yote anamsimulia mtoto aliye tumboni mwake. Aliyeigiza, Rachel Mwanza, alikuwa ameishi mitaani Kinshasa, na mwaka huo huo alipewa tuzo ya mwigizaji bora wa kike mjini Berlin. Ni sinema ya kweli kupita kiasi. Nyumba ambayo mtoto wake alichukuliwa na wenye silaha, usiwapelekee bila kuwauliza kwanza. Kuna aliye tayari kuona na kuna asiye tayari, na wote wawili wana haki.

Iko pia The Mercy of the Jungle ya Joel Karekezi, Mnyarwanda, iliyonyakua tuzo kuu ya FESPACO huko Ouagadougou mwaka 2019. Wanajeshi wawili wa Rwanda, Sajenti Xavier na kijana Faustin, wanaachwa na kikosi chao huko Kivu mwaka 1998, wanapotelea ndani ya msitu wetu. Najua kuna msomaji wa Kabambare ambaye hapa ataikunja karatasi hii. Msitu ambao wale wawili wanaogopa kufia ndani yake ndimo mama zetu walimozalia watoto kwa kuwakimbia watu kama wao. Hata hivyo nasema itazame. Kiu, malaria, hofu ya kila jani linalocheza: utayatambua yote, na utamwona mwenye bunduki akiwa mtu anayetetemeka. Mimi iliniwia vigumu, na sikujuta.

Juu ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ya 1994 wengi wanaijua Hotel Rwanda. Mimi ninaiweka mbele Sometimes in April ya Raoul Peck, ya 2005, kwa sababu haiishii pale risasi zinaponyamaza. Inakwenda mpaka Arusha, mahakamani, ambako ndugu wa damu anakaa mbele ya ndugu yake na hawajui waanzie wapi. Na kwa anayetaka dhiki ya familia bila vita, Félicité ya Alain Gomis, ya 2017: mama mwimbaji wa baa Kinshasa anazunguka mji mzima kuomba fedha za kumpasua mwanawe mguu. Safari hiyo ya aibu, mlango kwa mlango, nani kati yetu hajaifanya kwa ajili ya hospitali?

Katika orodha yangu yote hakuna Kasongo. Hakuna Kabambare. Kamera za wageni zilifika jirani kwenye maji yetu tangu 1951, walipokuja kwenye mto Ruiki, kusini ya Kisangani, kuchukua The African Queen, na watu wa mto huo hawana jina katika hadithi ile. Tarehe 11 Novemba 1961 wanajeshi wa anga 13 wa Italia waliuawa Kindu, na huko Pisa wamejengewa mahali pa kumbukumbu, kila mmoja kwa jina lake. Walistahili. Wetu waliofia msituni kwa kuhara na kwa kukosa chumvi, majina yao yako wapi? Yako vichwani mwa wazee, hakuna pengine.

Basi ninaomba mambo mawili. Tarehe 2 Agosti, siku ambayo sasa nchi inawakumbuka waliokufa katika vita hivi, parokia zetu na misikiti yetu ziweke turubai jeupe uani, sinema ioneshwe baada ya maombi na hotuba, kisha wazee wapewe nafasi ya kusema. Watoto wadogo walale nyumbani siku hiyo.

La pili ni lako wewe kijana mwenye simu. Kabla hujajaza sinema nyingine kwenye kadi, acha nafasi ya saa moja. Mwendee mzee kuliko wote nyumbani kwenu, umwombe ruhusa, akikubali urekodi. Usianze kwa kumwuliza nani aliua nani, atafunga mdomo. Mwulize walikula nini, nani alipika, na moshi waliuficha vipi. Nakala mpe pia ndugu anayeishi mji mwingine, maana simu huibiwa. Waliokuwa na miaka 20 wakati wa Mulele sasa wamevuka 80. Nenda wiki hii.