Mkiingia Mkunazini, Inueni Macho Kwanza

Wanangu, mmepata vitambulisho vya kutembeza wageni na mmeniomba neno. Sina neno la kuwapa juu ya Kiingereza wala Kitaliano. Hivyo mnavijua kunishinda. Langu ni juu ya kile mnachokwenda kukionyesha. Kanisa la Mkunazini lina mambo ya kweli ya kutosha. Halina haja ya nyongeza yenu.

Nasema hivi kwa kuwa nawasikia mkipita. Mgeni hajavuka hata mlango, mmeshammwagia damu, mijeledi na hesabu za watu ambazo ukiulizwa umezipata wapi, huna pa kushika. Mgeni anatikisa kichwa kwa huzuni, anapiga picha mbili, anatoka. Ndani ya jengo hakuona kitu.

Muingizeni taratibu, na anzeni na paa. Kwanza mpitisheni kwenye nyumba yoyote ya Mji Mkongwe, asimame ndani ya chumba. Ataona ni chembamba na kirefu, kwa sababu upana wake unafuata urefu wa boriti. Mkoko haurefuki kwa kupenda kwa mwenye nyumba. Fundi wetu wa zamani alikata chumba kwa kipimo cha mti aliopewa na bahari. Sasa mleteni Mkunazini ainue macho. Hakuna boriti hata moja. Paa lile ni kama nusu ya pipa kubwa lililolazwa, na limemiminwa kwa matumbawe yaliyopondwa na kuchanganywa na saruji. Wakati linajengwa wapo walioapa kwamba jukwaa likiondolewa tu, lote litakuja chini. Jukwaa liliondolewa. Hadi leo watu wanasali chini yake.

Aliyelibuni paa hilo ni Askofu Edward Steere, aliyefika Unguja mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer, wakiwa wamisionari wa Kianglikana wa UMCA. Michoro ya kanisa ilitoka kwao Uingereza, lakini ukitazama madirisha na matao utaona mkono wa huku umepita pia. Mtajua pia habari ya zile nguzo za upande wa mlango mkubwa, ambazo simulizi ya siku zote husema mafundi walizisimamisha kichwa chini miguu juu siku askofu alipokuwa safarini. Wageni huipenda, nanyi isimulieni. Ila msiishie kwenye kicheko, mkamfanya fundi wa Kizanzibari kuwa mjinga. Mtu anayepewa nguzo ya mtindo asiowahi kuuona popote atajuaje kichwa chake ni kipi? Na kuta zilizosimama tangu zama zile aliziinua nani?

Sasa habari ya soko. Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize sana.

Mnajua kwamba Sayyid Barghash alitia saini mkataba na Waingereza mwezi wa Juni 1873, baada ya kutishiwa kwamba manowari zao zingekifunga kisiwa. Soko la watumwa la Mkunazini likafungwa, na siku ya Krismasi mwaka huohuo jiwe la msingi la kanisa likawekwa. Sehemu ya kiwanja misheni iliinunua, sehemu nyingine ilitolewa na mfanyabiashara wa Kihindi. Saa ya mnara aliitoa Sayyid Barghash mwenyewe. Kanisa la Waingereza, kiwanja cha Baniani, saa ya mfalme Muislamu, matumbawe ya pwani yetu: mkishasema hayo kwa sauti ya kawaida, mgeni ataujua mji huu kuliko kwa hotuba ndefu.

Lakini msiseme utumwa ulikwisha mwaka 1873. Haukukwisha. Mkataba ule ulizuia kusafirisha watu kwa bahari na ulifunga masoko ya hadharani. Mtumwa aliyekuwa shambani kwenye mikarafuu alibaki shambani. Sheria ya kuufuta utumwa Unguja na Pemba ilikuja mwaka 1897, na hata hiyo haikuwagusa masuria. Wao walingoja hadi 1909. Hesabuni wenyewe ni miaka mingapi kengele za kanisa hili zililia huku mjini bado wamo watu wenye kumilikiwa.

Kuna na vile vyumba vya chini kwenye nyumba ya St. Monica. Mnawashusha wageni, mnawainamisha, mnazima taa, mnawaambia walilala humu watu kadha wa kadha. Jengo lile lilijengwa na misheni baada ya soko kufungwa, likawa hospitali, na wapo wanahistoria wanaosema vyumba vile vilikuwa ghala la dawa. Basi mwambieni mgeni hivyo. Mwambieni: hapa watu wanakuja kukumbuka, na juu ya chumba hiki pana mabishano. Mnaogopa kamisheni itapungua? Mgeni mwenye akili akisikia umemwambia ukweli usio na faida kwako, yote mengine utakayosema atayaamini. Akija kusoma baadaye kwamba ulimdanganya kuhusu chumba, atatilia shaka hata soko lenyewe. Na soko lilikuwepo, wanangu. Watu waliuzwa pale. Mbele ya altare lipo duara la marumaru nyeupe lililozungushiwa nyekundu, mahali panapoelezwa kuwa palisimama mti wa kuchapia watu. Pale msipige kelele wala msiigize mjeledi kwa mkono. Nimeona kijana akifanya hivyo, na mama mmoja mgeni, mtu mweusi kutoka Marekani, akageuka akatoka nje.

Kuna jambo jingine baya zaidi. Nawasikia mkibadilisha mkosaji kwa kutazama uso wa mgeni. Akija Mzungu, mnamwambia Waarabu ndio walioleta yote. Akija mtu wa Oman, mnamlaumu Mzungu. Akija Mswahili mwenzenu kutoka bara, mnawanyamazia machifu waliouza majirani zao, na wapagazi, na matajiri wa Kihindi waliotoa mtaji wa misafara, na Wafaransa waliohitaji watu kwa mashamba ya miwa visiwani kwao. Biashara ile ilikuwa na mikono mingi. Mtajeni kila mwenye mkono kwa kila mgeni, kwa maneno yaleyale. Wengine watanuna. Acheni wanune.

Na majina. Kila mmoja wenu anamjua Livingstone, na ni sawa, maana msalaba ulioko kwenye nguzo umechongwa kwa mti wa kule Chitambo, ambako moyo wake ulizikwa mwaka 1873. Lakini nani kati yenu anawataja Abdallah Susi na James Chuma? Wao na wenzao ndio walioubeba mwili wake kwa miguu hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Wote wawili walifia hapahapa Unguja, Chuma mwaka 1882 na Susi mwaka 1891. Wageni wenu wanalala hoteli za mji uleule walimofia watu hao, na hawaambiwi.

Steere naye alikufa mwaka huohuo wa 1882, na kaburi lake liko nyuma ya altare. Mtajeni kwa lugha, si kwa paa tu. Alikaa na watu wa mji huu akaandika hadithi zao, akatoa kitabu cha Kiswahili mwaka 1870, akatafsiri sehemu kubwa ya Biblia. Kiunguja mnachokiongea ndicho kilichokuja kufanywa msingi wa Kiswahili sanifu, na kazi ya misheni ile iliwatangulia waliosanifisha. Mimi ni Muislamu na sioni tabu kulisema.

Nimewaambia ni Muislamu ili mnielewe na katika hili: lile ni kanisa, watu wanasali. Jueni nyakati za ibada kabla hamjamuahidi mgeni. Kofia ivuliwe, mabega yafunikwe, simu zizimwe, na mkikuta nyimbo zinaimbwa kaeni viti vya nyuma mpaka ziishe, au ondokeni mrudi baadaye. Msingekubali mgeni apite mbele ya safu msikitini kwenu na kamera. Na mlinzi wa pale salamuni kwa heshima; anajua zaidi ya kitabu chochote mlichokisoma kwenye kozi.

Msiishie Mkunazini. Nendeni na Baghani, kanisa la Mtakatifu Yosefu, lililojengwa na mapadri wa Kifaransa kati ya 1893 na 1898. Minara yake miwili ndiyo inayoonekana kwanza ukija kwa boti, na ukishaingia vichochoroni inapotea, wageni wanazunguka dakika nyingi wakiitafuta. Wacheni wazunguke kidogo, ndiyo raha ya mji. Ndani mna michoro ya Agano la Kale kutani. Padri mmoja mmoja hupenda kueleza, mkimuomba vizuri.

Na Mbweni, ambako hakuna anayekwenda. UMCA ilinunua ardhi kule mwaka 1871 kuwaweka watumwa walioachwa huru, na kanisa la Mtakatifu Yohana likajengwa mwaka 1882. Skuli ya wasichana, aliyoiongoza Bibi Caroline Thackeray kwa miaka mingi, sasa ni magofu. Ukitaka kumuonyesha mgeni maisha ya watu waliotoka sokoni yalikwenda wapi, si Mkunazini, ni Mbweni. Mkunazini ni mlango tu.

La mwisho ni la mafundi, na nalisema kwa kuwa nyinyi ndio mnaopita kila siku mkiwa na macho mazuri. Kuta zetu ni za matumbawe na chokaa; zinavuta maji na kuyatoa. Mkiona mtu anapaka saruji nzito juu ya ukuta wa zamani akidhani anautengeneza, mwambieni, au mwambieni anayehusika. Maji yakikwama ndani, ukuta unajila wenyewe. Na kwamba jengo la zamani linaweza kuanguka, Beit al-Ajaib ilituonyesha tarehe 25 Desemba 2020, sehemu yake ilipoanguka na watu wakapoteza maisha. Makanisa haya yanakula chumvi ileile na mvua ileile. Mkiona ufa mpya, pigeni picha, andikeni tarehe, mpelekeeni mlinzi.

Kesho mkiamua kwenda Mbweni ondokeni mapema, jua halijakaza. Jana nimeona mmeandika kwenye ubao wenu bei ya Mkunazini peke yake. Ongezeni ya Mbweni, iwe na nauli ndani.