Tusimzuie Mgonjwa Njiani

Katika Injili takatifu kama alivyoiandika Mtakatifu Luka, sura ya 17, twasoma habari ya wakoma kumi waliosimama mbali wakamwita Bwana wetu awahurumie. Tumezoea kuikumbuka habari hiyo kwa ajili ya yule mmoja aliyerudi kushukuru. Lakini limo jambo jingine ambalo mara nyingi twalipita upesi. Bwana wetu hakuwaambia kwamba wamekwisha kupona. Aliwatuma waende kwa makuhani, ambao kwa sheria ya Musa ndio waliokuwa na kazi ya kuwakagua wenye ukoma. Wakaondoka wangali wakoma, na walipokuwa wakienda, ndipo ukoma ulipowatoka. Basi mtu aliyekutana nao katika hatua za kwanza aliona wagonjwa tu. Naye kama angaliwacheka na kuwarudisha nyuma, angaliwanyima uponyaji uliokuwa ukiwangojea mbele.

Twalikumbusha jambo hili kwa sababu wako vijana kati yetu wanaotembea njia ya namna hiyo kila asubuhi, na wako Wakristu wanaowarudisha nyuma wakidhani kwamba wanamtumikia Mungu. Vijana hao ni wale waliofungwa na heroini, ambayo mitaani huitwa unga, nao wenyewe huitwa mateja. Njia waendayo ni ile ya hospitali, kupokea dawa iitwayo methadoni na kupewa ushauri nasaha, kisha kurudi nyumbani kwao siku ile ile.

Heroini hutengenezwa kwa afyuni. Kwa miaka mingi imesafirishwa kutoka Afghanistan, ikavushwa bahari kwa majahazi hata pwani yetu ya Afrika Mashariki. Waifanyao biashara hiyo huuza mauti ili wapate fedha, na Kanisa halina neno laini la kuwaambia. Hata yeye aliyeonja mara ya kwanza kwa kupenda mwenyewe, hatusemi kwamba hakukosa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2291, yafundisha wazi kwamba kutumia dawa za kulevya ni kosa zito. Lakini namba hiyo hiyo yatenga matumizi yaliyo kwa ajili ya tiba peke yake. Wengi wetu tumeishika sehemu ya kwanza ya fundisho hilo, tukaisahau ya pili.

Yafaa tufahamu ugonjwa wenyewe ulivyo. Mtu akiizoea heroini, ubongo na mwili wake hugeuzwa hata visiweze kutulia pasipo hiyo. Akiikosa kwa saa chache tu hushikwa na hali iitwayo arosto: machozi na makamasi humtiririka, mifupa humuuma, hutapika na kuharisha, hutetemeka kwa baridi hali jua ni kali, wala usingizi hauji. Mtu wa namna hiyo hatafuti tena raha. Atafuta kuiondoa adhabu iliyomo mwilini mwake. Kwa hiyo huiba sufuria ya mama yake, naye aampenda mama yake. Tukisema kwamba hana nia, twakosea. Nia anayo, ila imefungwa minyororo, na mtu aliyefungwa hawezi kujifungua kwa kukaripiwa.

Methadoni ni dawa inayofungua minyororo hiyo kidogo kidogo. Madaktari wa New York, Vincent Dole na Marie Nyswander, waliionyesha faida yake kwa wagonjwa wa heroini katika miaka ya 1960, na mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani liliitia katika orodha ya dawa za lazima. Hapa Tanzania kliniki ya kwanza ilifunguliwa katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili mwezi wa Februari 2011, kisha zikafuata za Mwananyamala na Temeke, na baadaye za mikoani, kama Mbeya, Mwanza, Dodoma na Tanga. Mgonjwa hupimwa kwanza na daktari. Huanzishiwa kipimo kidogo, nacho huongezwa taratibu. Kila siku hufika dirishani, akainywa dawa yake mbele ya mhudumu, akaenda zake. Dawa hiyo hukaa mwilini muda wa siku nzima au zaidi. Nayo ikipimwa sawasawa humwondolea arosto bila kumlevya, hata akaweza kula, kulala, kufanya kazi na kuzungumza na watu wake kama mtu mwenye akili timamu.

Hapo ndipo lainuka neno tulisikialo mara nyingi, hata kwa watu wema: "Huko ni kuacha ulevi mmoja na kushika mwingine. Mwenye imani ya kweli angeacha vyote." Neno hili lina sura ya utauwa, lakini ndani yake mna hatari kubwa. Yule anywaye unga hajui alichouziwa wala kipimo chake. Hutawaliwa nao tangu asubuhi hata usiku, na kila siku ni lazima apate fedha kwa njia yo yote. Anywaye methadoni hupewa kipimo kijulikanacho, kwa mkono wa mganga, kwa shabaha ya kupona. Mgonjwa wa kisukari aendaye na sindano yake ya kila siku hatumwiti mlevi wa insulini, wala hatumwambii aitupe sindano ili aonyeshe imani yake. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38 ya kitabu chake, afundisha kwamba mganga na dawa vyatoka kwa Mungu, na kwamba mwenye akili hazidharau dawa. Katika sura hiyo hiyo amwambia mgonjwa asali, atubu, kisha ampe mganga nafasi yake. Hakuyatenganisha mambo hayo. Kwa nini sisi tuyatenganishe?

Na hatari tuliyoitaja ni hii. Mwili ulioacha heroini kwa majuma kadhaa hupoteza ule uwezo wa kuihimili. Basi kijana akiondolewa dawa kwa ghafula, akapelekwa mahali pa kuombewa na kufungiwa, akatoka akionekana mzima, ndugu wote hufurahi na kutoa ushuhuda. Lakini tamaa ikimrudia siku moja, akatumia kadiri ile aliyoizoea zamani, pumzi yake hukatika, naye hufa peke yake nyuma ya nyumba. Waliomwondoa njiani hawakumchukia, walimpenda. Lakini upendo usiotaka kuuliza wala kujifunza waweza kuchimba kaburi. Atakaye kupunguza au kuacha methadoni na afanye hivyo pamoja na daktari wake, kwa wakati ufaao, polepole. Na hata ikimlazimu kuitumia miaka mingi, hana la kumwonea haya. Vile vile na tujue kwamba dawa hii yenyewe si ya kuchezea: ikichanganywa na pombe au vidonge vya usingizi yaweza kuua, wala haifai kupewa mtu asiyeandikiwa.

Kama yuko anayedhani kwamba mtu wa namna hii hana nafasi katika nyumba ya Mungu, na amtazame Mtakatifu Marko Ji Tianxiang wa China. Alikuwa mganga, tena Mkristu hodari aliyewatibu maskini bila malipo. Aliugua tumbo, akajitibu kwa afyuni, nayo ikamfunga. Aliungama mara kwa mara, akaanguka tena mara kwa mara, hata muungamishi wake akaona kwamba hana nia ya kweli ya kuacha, akamnyima maondoleo. Akakaa miaka mingi pasipo Komunyo Takatifu, lakini hakuacha kusali wala kuja kanisani. Mwaka 1900, katika madhulumu ya Mabondia, alikubali kufa kuliko kumkana Kristu, na tarehe 1 Oktoba 2000 Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza mtakatifu pamoja na mashahidi wenzake wa China. Mtakatifu huyo aliomba kwa miaka thelathini afunguliwe, na katika zama zake hakuwako mganga aliyeweza kumpa dawa ya ugonjwa huo. Vijana wetu wanaye mganga na dawa wanayo. Je, itakuwaje sisi tuwe ndio tunaowazuia wasiifikie?

Lakini dawa peke yake haimalizi kazi. Methadoni huutuliza mwili ili mtu aweze kusikia. Ushauri nasaha humsaidia kuyatambua yaliyompeleka kwenye unga, kuwaepa marafiki waliomfundisha, na kupanga tena maisha yake. Na roho nayo ina tiba yake: Kitubio, Ekaristi Takatifu, sala ya nyumbani. Padri hawezi kushika nafasi ya daktari, wala daktari hawezi kushika nafasi ya padri, na mgonjwa anawahitaji wote wawili.

Basi, ndugu wapenzi, tufanye nini? Kwanza, mwenye mtoto au ndugu aliyefungwa na unga asimfiche kwa aibu, wala asimfukuze. Na aende naye hospitali ya serikali iliyo karibu, aulize kliniki ya methadoni iko wapi, tena amsindikize siku za mwanzo, maana hizo ndizo ngumu. Pili, jumuiya zetu ndogo ndogo zifikirie nauli. Kliniki ni ya kila siku, na mtu asiye na kazi akikosa nauli hukosa dawa, na akikosa dawa arosto humrudisha kijiweni. Tukichangia harusi kwa mamilioni, hatuwezi kusema kwamba nauli ya daladala imetushinda. Tatu, mgonjwa akianguka tena, tusipige vigelegele vya kusema, "Tulijua!" Kuanguka katika ugonjwa huu ni jambo la kawaida, arudishwe dirishani upesi, kama vile sisi wenyewe turudivyo kitubioni na dhambi zile zile. Nne, tuache kumwita mtu teja. Alibatizwa kwa jina. Na tumwite kwa jina lake.

Na wewe mwenyewe uliyefungwa, ambaye labda umesomewa maneno haya na dada yako, usingoje kwanza uwe safi ndipo uende. Wale kumi hawakungoja kutakata ndipo waondoke. Nenda ulivyo, na nguo hizo ulizovaa. Unywe dawa yako leo, na kesho urudi tena. Ukipita mbele ya kanisa asubuhi hiyo, ingia; hapana atakayekuwa na haki ya kukuuliza umetoka wapi.

Sisi tuliobaki kando ya njia tumepewa kazi moja: kumwachia nafasi apite, na ikiwezekana, kumshika mkono. Siku atakaporudi mzima kumshukuru Mungu kwa sauti kuu, ajaliwe kutukuta tukimngojea mlangoni.