Aliyesikia Anadaiwa Nini?

Tunasali Jumapili hadi Jumapili bila kukumbuka kwamba Kanisa letu la upande huu lilianzia katika hotuba. Tarehe 4 Desemba 1857, Dakta David Livingstone alisimama mbele ya walimu na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, akawaeleza habari za Afrika. Hotuba ile ingeweza kupigiwa makofi ikaishia pale, kama zilivyoishia nyingi. Lakini baadhi ya waliosikia walikosa usingizi. Oxford na Cambridge ziliungana, kisha Durham na Dublin, ikazaliwa Misheni ya Vyuo Vikuu. Askofu wao wa kwanza, Charles Mackenzie, alikufa kwa homa karibu na mto Shire mwezi Januari 1862, baada ya mtumbwi kupinduka na dawa kuzama. Mwaka 1864 Askofu Tozer akaihamishia misheni Unguja, na kabla ya muongo ule kwisha padre wao alikwisha fika Magila.

Najua historia hiyo ina upande wake mwingine. Livingstone alitangaza Injili na biashara kwa pumzi moja, na nyuma ya misheni zilikuja bendera tusizoziomba. Hilo lataka makala yake. Leo nauliza jambo moja tu: mtu akisha kusikia, anadaiwa nini?

Miezi michache iliyopita nilialikwa katika ukumbi mmoja hapa Tanga mjini. Wageni kutoka chuo kikuu, ambacho sitakitaja, walikuja kueleza habari za joto la dunia na hali ya bahari. Walikuwa watu wema na kazi yao waliijua barabara. Walionyesha picha za matumbawe meupe kama mifupa. Walisema kwamba bahari ikizidi joto, tumbawe hutoa vijimea vinavyoishi ndani yake na kulilisha, na joto likidumu, tumbawe hufa njaa. Ndivyo ilivyotokea pwani yetu mwaka 1998. Na tumbawe likifa, samaki hana nyumba.

Taabu ni kwamba yote yalisemwa kwa Kiingereza. Kando yangu alikaa mvuvi mmoja wa Kigombe, mtu wa makamo, amevaa kanzu yake safi ya Ijumaa. Akaniinamia: "Mwalimu, wasemaje?" Nikamfasiria kwa kunong'ona. Alisikiliza sana, kisha akasema, "Basi waulize. Mimi niliambiwa niupumzishe mwamba, nikaupumzisha. Huo moshi wa viwanda vya wakubwa, nani anaupumzisha?"

Wapo watakaosema kwamba wasomi wale walitoa zawadi, na zawadi haikaguliwi. Mimi sikubali. Mwalimu Nyerere alipata kumfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa ili apate nguvu ya kwenda mbali kuwaletea wenzake msaada, asiporudi, amewasaliti. Ushuru wa mvuvi yule umo katika karo ya wasomi wetu. Basi hotuba ni deni, na deni hulipwa kwa fedha inayopokelewa sokoni kwa mdai. Ukimlipa mtu wa Kigombe kwa noti asizoweza kuzitumia, hujamlipa.

Tena jambo hili tulikwisha liweza. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyokuwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliwafikia watu wapatao milioni 2. Nilikuwa kijana mdogo. Nawakumbuka wazee wameizunguka redio chini ya mwembe, kijitabu mkononi mwa kiongozi wa kikundi, wakizungumza juu ya malaria, safura, kuhara damu, kichocho na kifua kikuu. Redio ikizimwa ndipo kazi ilipoanza: walibishana, wakakubaliana, kesho yake wakashika majembe kuchimba vyoo. Hata Edward Steere, aliyefika Unguja pamoja na Tozer, hakutegemea watu wa pwani wajifunze Kiingereza kwanza ndipo wamsikie. Aliketi akajifunza Kiswahili kwao, na kitabu chake cha lugha hii kikatoka mwaka 1870.

Lakini nisiwalaumu wasomi peke yao. Yuko na yule wa katikati, mwenye lugha mbili, ambaye maneno hupita kwake yakienda na yakirudi. Katika ukumbi ule mtu huyo nilikuwa mimi. Mwenyekiti alipouliza kama kuna maswali, nilikuwa na swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa siku ile. Sikunyoosha mkono. Nimefundisha zaidi ya miaka 30, nikaona haya kwamba Kiingereza changu kingejikwaa mbele ya vijana. Nikanywa soda yangu, nikaenda nyumbani.

Juma lililopita nilikwenda Deep Sea kununua changu. Mvuvi yule alikuwapo, anapanga samaki wake. Tuliamkiana, tukaulizana habari za nyumbani, akanifungia samaki wangu. Kisha akaniuliza, bila kinyongo chochote, "Mwalimu, wale wageni walijibuje?"

Nimepata anwani ya wale wageni. Barua nimekwisha ianza, kwa Kiswahili.