Deni la Mwenye Kioo

Mtu akiniambia kwamba mnyama fulani ni mharibifu, mimi humwuliza: mharibifu wa nini, na wapi? Wengi huliona swali hili kama la kupoteza wakati. Lakini limenikaa kichwani tangu mpwa wangu, anayeishi Uingereza na kufuga matumbawe katika tangi la maji ya chumvi sebuleni mwake, aliponiuliza kwa simu: "Mjomba, nikinunua mnyama aniulie wanyama wengine, halafu kazi ikiisha naye afe njaa, hiyo ni haki?"

Hebu kwanza tuelewe anachopigana nacho. Kuna anemoni mdogo wa rangi ya hudhurungi aitwaye aiptasia. Huingia tangini kimyakimya, amejibana kwenye ufa wa jiwe au chini ya tumbawe lililonunuliwa. Ndani ya mwili wake mna mwani mdogo usioonekana kwa macho, unaotumia mwanga kumtengenezea chakula, na minyiri yake hudaka makombo yapitayo. Hahitaji mwenza ili azaliane: akisogea huacha vipande vya wayo wake nyuma, na kila kipande huwa anemoni kamili. Ukimkata kwa kisu umemzidisha. Na kila anapoenea, minyiri yake yenye sumu huchoma matumbawe jirani, ambayo hayana pa kukimbilia.

Wafugaji wamejaribu mengi. Wapo wanaomdunga siki au maji ya ndimu kwa bomba la sindano. Wapo wanaokoroga chokaa ikawa uji mzito, wakamziba nao mdomo. Jambo hili lina kichekesho chake kwetu sisi wa Pwani, kwa sababu wazee wa Lamu na Mombasa walichoma matumbawe ili wapate chokaa ya kujengea nyumba. Leo chokaa inatumika kuyalinda matumbawe. Wengine huweka kamba wadogo wenye mistari myekundu, au samaki kipepeo mwenye mdomo mrefu, ila hao hula wanapotaka, na pengine huonja hata yale unayotaka yaishi.

Halafu yuko koa wa baharini aitwaye Berghia. Huyu halaumiwi kwa kugusa kisicho chake, maana hali chochote ila aiptasia. Hutoka usiku, hutafuta mpaka ndani ya nyufa ambamo sindano haifiki, na anaweza kummaliza hata wa mwisho. Akishammaliza, hana kingine cha kula duniani. Basi naye anakufa.

Jibu jepesi ni kusema: ati ni wadudu tu, ua uendelee na maisha. Mimi silikubali, kwa sababu neno "mharibifu" halielezi mnyama, linaeleza haja ya anayelitamka. Huyu huyu aiptasia anayezibwa mdomo kwa chokaa sebuleni, katika maabara anafugwa na kulishwa kwa uangalifu. Anaishi na mwani kama matumbawe yanavyoishi, na kumfuga ni rahisi kuliko kuyafuga matumbawe, hivyo watafiti humtumia kuchunguza kwa nini matumbawe hupauka maji yakipata joto. Hilo si jambo la mbali. Mwaka 1998 bahari ilipopata joto, matumbawe mengi ya pwani ya Kenya yalipauka na kufa. Mnyama ni yule yule. Nyumba moja ni adui, nyumba nyingine ni mwalimu.

Je, basi aachwe? La. Wapo watakaosema tuache maumbile yafuate mkondo wake, lakini jamani, maumbile gani hayo ndani ya tangi? Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Baharini aiptasia ana maadui wake, na matumbawe yana nafasi ya kuenea kwingine. Kioo ndicho kimewafungia pamoja, na kioo kina mwenyewe. Aliyeyanyima matumbawe bahari amebeba dhamana ya kuyalinda. Akikunja mikono, ameshaamua nani afe.

Kwa hiyo kumwua aiptasia hakunikoseshi usingizi. Linalonisumbua ni koa. Aiptasia anauawa kwa sababu anadhuru. Koa anakufa kwa sababu amefanya kazi vizuri. Kadiri anavyokuwa hodari, ndivyo siku zake zinavyopungua. Tumeshaona mambo ya aina hii kwa watu: fundi wa mjengo anayepandisha ghorofa hadi la mwisho, kisha mlinzi wa getini anamzuia asiingie. Lakini fundi kesho ataamka akatafute mjengo mwingine. Koa hawezi kutoka tangini.

Utaniambia koa hana akili ya kuhuzunika. Sawa. Lakini si lazima mnyama alie ndipo aliyemleta awajibike. Anayenunua uhai akijua siku ya mwisho wake, na siku hiyo ameipanga yeye mwenyewe, hawezi kusema yaliyotokea ni bahati mbaya.

Nilimwambia mpwa wangu hivi: kabla hujawanunua, jua watakwenda wapi. Wafugaji hupeana koa hawa. Tangi lako likisafika, kuna mwenzako ambaye lake limejaa. Au fanya kama wanaowazalisha: tenga chombo kidogo, ufuge humo aiptasia wa kuwalisha. Hapo yule mharibifu anageuka posho. Na kama huna pa kuwapeleka wala chombo cha pili, usiwanunue. Chukua bomba la sindano na uji wa chokaa, umalize kazi kwa mkono wako.

Najua hiyo ni njia ndefu zaidi, na nyufa nyingine hutazifikia. Lakini mkono unaofanya kazi yenyewe huona idadi, huchoka, na mara nyingine hujifunza kuliweka jiwe jipya karantini na kulikagua ufa kwa ufa kabla halijaingia tangini. Huruma iliyo nafuu kuliko zote ni hiyo ya mlangoni. Ukishamfungulia mgeni, kila kifo ndani ya kile kioo kimeandikwa kwenye daftari lako.